Kamba Yangu ya Kuanikia na Kazi ya Shemeji Majira

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, watu wote wanamwita Majira, hata mama yake mzazi. Kazi yake ni kukaa katika ofisi ya geti la korongo, kuandika hali ya hewa ubaoni kwa chaki kila asubuhi, na kupokea simu za wageni wanaouliza waje lini.

Kwenye simu hana mpinzani.

"Masika msije, mtaona ukungu na viatu vyenu tu. Kipupwe njooni, ila mje na sweta mbili, moja yako na moja ya mwenzako atakayekuja na kaptura. Vuli wahini asubuhi, mchana radi zinashika zamu. Na mkiteremka chini, sweta zivueni, kule ni joto la jikoni."

Ukimsikiliza utadhani amezaliwa chini ya korongo. Kumbe kwa miaka kumi na moja hajawahi hata kulitazama. Anaogopa kimo. Akipanda stuli kubadilisha balbu, lazima mtu amshike kiuno. Meza yake ameigeuza, korongo liko mgongoni, na dirisha la mbele linatazama uani kwangu, hatua kama themanini chini ya geti.

Basi hali ya korongo anaijuaje? Siri hiyo naijua mimi peke yangu, kwa sababu siri yenyewe ni mimi. Nafua shuka za nyumba ya wageni, na korongo linapinda mpaka nyuma ya nyumba yangu, basi upepo wake unapanda moja kwa moja hadi uani. Ukungu ukijaa kule chini, wa kwanza kulowa ni mimi. Kwa hiyo kukiwa na ukungu sianiki. Majira anachungulia dirishani: akiona shuka ziko nje, anaandika "Korongo linaonekana". Akiona kamba tupu, anaandika "Subirini".

Mpango huu ulikosea mara mbili tu, siku niliyoumwa jino na siku binti yangu alipojifungua. Wageni wakalalamika, na makao makuu ya hifadhi wakasema wanamtuma mkaguzi. Ubao ukikosea mara ya tatu, Majira atahamishiwa stoo mjini na geti litawekewa mashine ya kupima hali ya hewa.

Sasa, mama mkwe anakaa kwa Majira. Majira akihama, mama mkwe anahamia kwangu. Nampenda sana mama mkwe. Nampenda zaidi akiwa kwa Majira.

Mimi nikiwa na wasiwasi, nafua. Ndivyo nilivyoumbwa. Siku ya mkaguzi niliamka na wasiwasi, nikafua shuka za wageni, nikafua za kwangu, nikavua mapazia, nikafua na begi la shule la mwanangu, ambaye alimaliza shule zamani na sasa ana mke. Nikaanika vyote. Nilipobana kibanio cha mwisho ndipo nikainua macho. Ukungu ulikuwa umesimama hatua tatu nyuma ya kamba, mzito kama uji, na mapazia yangu yameuziba usionekane kutoka getini.

Mungu wangu! Nikapandisha kilima mbio, sabuni mpaka kwenye viwiko.

Nilichelewa. Mkaguzi, mama mmoja mfupi mwenye koti refu, alikuwa ameshasimama mbele ya ubao. Majira alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KORONGO LINAONEKANA MPAKA MTONI.

"Karibu, mama," Majira alimwambia, anatabasamu. "Umebahatika. Leo ni kioo."

"Kioo cha bafuni labda," mkaguzi akajibu. "Twende ukanionyeshe huo mto."

Majira aligeuka kunitazama. Sikumbuki nilitikisa kichwa au mwili mzima.

Alikwenda. Hatua kumi za kwanza alikwenda kama mtu, kumi zilizofuata kwa magoti, na za mwisho kwa tumbo, kashika mkanda wa koti la mkaguzi.

"Wewe baba, unatafuta nini chini?"

"Naangalia unyevu wa udongo, mama."

"Nyanyuka!"

"Udongo bado haujanijibu."

Nikajikaza kisabuni. Nikasema, "Mama mkaguzi, msamehe. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeanika."

Hapo hapo, ilikuwa yapata saa nne, jua likauchoma ukungu, ukapasuka katikati. Zikatokea kuta nyekundu, kisha miti, kisha chini kabisa mto mwembamba kama uzi wa kushonea. Majira akainua kidevu kutoka kwenye nyasi.

"Kumbe ni kubwa hivi?" akasema. "Halafu kweli kuna mto!"

Mkaguzi akamtazama, akanitazama. "Leteni daftari la hali ya hewa," akasema.

Tuliporudi ofisini, alifungua droo ya meza ya Majira yeye mwenyewe. Ndani lilikuwamo daftari la miaka kumi na moja, limepangwa siku kwa siku kwa mwandiko safi.

"Hii safu ya 'SH' ni ya nini?"

"Shuka, mama."

"Shuka za nani?"

Nikanyoosha kidole, kama mwanafunzi.

Akasoma kwa sauti. "Aprili: siku ishirini na mbili hazikukauka. Zinanuka. Julai: asubuhi zimeganda kama mbao kwenye beseni, saa nne ukungu umeondoka, zimeanikwa, saa sita zimekauka. Septemba: zimekauka kabla shemeji hajamaliza kuanika." Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi la chaki, likabonyea.

"Makao makuu wananiletea michoro ambayo hata mimi siielewi," akasema huku akifuta machozi. "Hii hata mtoto anaelewa. Wewe baki. Ila kila Jumatatu usogee ukingoni hatua moja, kwa miguu, si kwa tumbo. Na ubao usiandikwe kabla ya saa nne."

Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, ukifua kwa wasiwasi, anika kwanza blanketi jekundu, ili ajue hiyo si hali ya hewa."

Majira yuko pale pale, na amefika hatua ya saba. Nje ya geti kuna kibao kipya: "Wakati mzuri wa kuja ni miezi ambayo shuka hukauka kabla ya saa sita. Piga simu uulize."

Blanketi jekundu limeshatoka mara mbili. Mara zote mbili mama mkwe alikuwa anakuja kutusalimia.