Mlango wa Nyuma, Fordsburg

Harufu ya shamari na iliki zikikaangwa hunikunjisha uso hadi leo. Najua watu wanaipenda Fordsburg. Wanaisifu kwa sambusa zake za nyama ya kondoo, kwa biriani inayofunuliwa mvuke ukapanda hadi darini, kwa jalebi zinazonata vidoleni na faluda ya rangi ya waridi. Wanasema ndio moyo wa Wahindi wa Johannesburg, mtaa wa historia na ukarimu. Mimi nilishinda humo likizo nzima ya majira ya baridi nikiwa na miaka kumi, nimekaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na mtu akinitajia ukarimu wa Fordsburg namwangalia tu.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Tulipanga chumba mtaa wa La Rochelle, na shule zilipofungwa hakuwa na mtu wa kuniachia, kwa hiyo kila asubuhi alinipeleka kazini kwake. Alikuwa akishona blauzi za sari katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mtu aliyeitwa na wote Uncle Yusuf. Cherehani ilikuwa yake mwenyewe, maana ile ya dukani ilikuwa imekufa zamani. Mbele kulikuwa na sari nyekundu zenye nyuzi za dhahabu, kioo kirefu, moshi wa ubani, na kiti cha mto alichokalia mama yake Uncle Yusuf, bibi mwembamba tuliyemwita Ma. Nyuma kulikuwa na sakafu ya saruji baridi kama barafu na taa moja. Mabiharusi walikuja kujaribu blauzi, wakajigeuza mbele ya kioo, wakasifu mshono, halafu wakamshukuru Uncle Yusuf. Mama yangu aliitwa "yule msichana wa nyuma". Alikuwa na watoto watatu, wawili amewazika.

Kila Jumamosi walikuja wageni wa matembezi, na kamera zao, wakiongozwa na kijana mchangamfu aliyewaonjesha vyakula mtaa mzima. Walipofika dukani kwetu, Ma aliwasimulia. Alieleza jinsi familia yake ilivyokuwa na duka Fietas, mtaa wa jirani, hadi serikali ya Wazungu ilipoamua kwamba Wahindi hawatakiwi pale. Polisi walikuja na mbwa. Nyumba zilibomolewa huku vyungu vikiwa bado jikoni, watu wakapelekwa mbali huko Lenasia, kwenye vumbi. "Tulitolewa kama takataka," Ma alisema, na wageni walifuta machozi. Mimi nami nililia, nimejificha nyuma ya marobota ya hariri. Nilimpenda Ma kwa hadithi ile. Niliamini kwamba mtu aliyepitia hayo alikuwa mwenzetu.

Kisha siku moja, karibu na saa sita mchana, tulisikia nyimbo. Kundi la watu lilikuwa linakuja kutoka upande wa mjini, likiimba kwamba wageni kama sisi, tuliotoka nchi nyingine, warudi kwao. Mapazia ya chuma yalianza kushuka, duka baada ya duka. Uncle Yusuf aliingia chumba cha nyuma, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

"Ondokeni," alimwambia mama. "Wakiwakuta hapa watanichomea duka."

"Uncle, tutakaa kimya. Funga tu."

"Nimesema ondokeni!"

"Basi mtoto. Mwache mtoto tu abaki."

Uncle Yusuf akafungua mlango wa nyuma, akasimama ameushika. Nilimtazama Ma. Alikuwa kitini kwake, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, na hakuinua macho. Tukatoka. Nikasikia komeo likiingia.

Kichochoro kile kilikuwa na mlango mmoja tu uliokuwa bado wazi, wa jiko la Khala Rashida, mwanamke wa Kihindi aliyekaanga sambusa za kuuza. Sikuwahi kumwona akicheka. Alitushika mikono akatuvuta ndani kama anayewakamata wezi, akabana mlango kwa gunia la unga. "Mnasimama njiani kama mbuzi!" alitufokea. Hakutupa pole wala maji. Alitusukumia manda za sambusa zilizokwisha kukatwa na sufuria ya nyama, akasema, "Maadamu mpo, kunjeni." Tukakunja sambusa huku nje chupa zikipasuka na mtu akipiga mayowe. Mama alimwaga nyama, na Khala Rashida akamkaripia kwa kuharibu chakula. Kelele zilipokwisha, alichungulia nje, akatuambia twende, na tusimwambie mtu.

Wiki iliyofuata Uncle Yusuf alituma salamu kwamba mama arudi, harusi zimekaribia. Mama alirudi Jumamosi, nami nikiwa naye. Dukani wageni walikuwa wamejaa, na Ma, katika hadithi yake, alikuwa amefika kwa wale mbwa wa polisi. Mama alipita katikati yao, akaingia nyuma, akatoka amekumbatia cherehani yake.

"Unaenda wapi na kazi za watu?" Uncle Yusuf aliuliza.

Mama alimgeukia Ma, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Ma, waambie na ya kwetu. Waambie ulikuwa umekaa hapohapo."

Ma alikaza midomo. "Sisi hapa ni kwetu," alisema. "Haifanani."

"Ni kweli, haifanani," mama akajibu. "Nyinyi mlitolewa na adui. Mimi nilitolewa na mtu ninayemshonea."

Kijana wa matembezi alikohoa, akawaambia wageni wake kwamba kituo kinachofuata ni faluda.

Mama aliendelea kushona chumbani kwetu, na sasa mimi ndiye mwenye cherehani ile, na nina duka dogo mtaa wa Rosettenville na wasaidizi wawili, Grace kutoka Malawi na Thandeka aliyezaliwa Soweto. Duka la Uncle Yusuf nasikia linauza simu sasa, na mwenyewe amehamia kaskazini. Maandamano ya kuwafukuza wageni hayajakoma. Mwaka jana yalipita mtaani kwetu, waandamanaji wakigonga milango kwa fimbo. Grace alisimama, akachukua mkoba wake bila kuambiwa, akaelekea mlangoni. Nilimwambia akae. Thandeka alifunga, mimi nikazima taa, tukakaa watatu sakafuni tumeshikana. Mtu alipiga dirisha, kioo kikaanguka ndani. Niliogopa hadi nikajikojolea, mtu mzima mimi, mama wa watoto. Kwa hiyo najua kabisa jinsi Uncle Yusuf alivyoogopa siku ile. Bado sijamsamehe.