Kikohozi cha Mfumaji

Mfumaji jirani yangu hapa Kanchipuram, India, haongei akiwa kazini, anakohoa tu. Akikohoa, mkewe aliyekaa upande wa pili wa mtambo anarusha kijiti chenye uzi mwekundu, na taraza nyekundu, ule ukingo wa sari, inashikana na hariri ya kijani, uzi kwa uzi. Vidole vya mke vimepinda kwa kuzoea kuubana uzi huo. Jana Visalakshi, shangazi wa bibi harusi mmoja, aliingia dukani kuchukua sari ya harusi, na sauti ya mnadani. “Taraza hii mmebandika tu! Itabanduka mbele ya wakwe!” Mfumaji akakohoa. Mkewe akampa shangazi taraza, mfumaji akashika upande wa kijani. “Haya, shangazi, vuta!” mkewe akasema. “Usituonee huruma, ulivyoshiba hivyo!” Shangazi akavuta, mashavu yakamvimba, ndala zikamtoka, akaburutwa mpaka miguuni pa mtambo, nasi mtaa mzima tukishangilia mlangoni. Hakuna uzi hata mmoja ulioachia. Pale pale sakafuni, akihema, taraza bado kaing’ang’ania kifuani, akasema, “Na mimi nifumieni kama hii!” Mfumaji akakohoa. “Amekubali,” mkewe akasema, “ila kwanza uiachie hiyo.”