Binti Yangu Aliwaliza Watu kwa Lugha Nisiyoijua

Darasa zima lilikuwa linalia. Mwalimu analia, wazazi wanalia.

Mimi peke yangu nimekaa kama gogo. Na aliyekuwa anawaliza ni binti yangu wa kumzaa!

Iko hivi. Mume wangu Dwayne ni mwanajeshi wa Marekani, tunaishi kambini hapa Okinawa, Japani. Shule ya kambini ipo, ya Kiingereza, na basi linapita mlangoni.

Marlee, miaka tisa, akaigomea. Anataka shule ya Wajapani, nje ya geti.

"Mwache ajaribu," baba yake akasema. Kisha akaondoka na meli, huyooo.

Nikawa namsindikiza kwa miguu kila asubuhi. Haukupita muda mtoto anabonga Kijapani kama kazaliwa nacho. Na shoga yake si mimi tena, ni Mama Nagisa, mama wa mwenzake darasani. Wananong'ona, wanacheka, mimi nimetoa macho.

Jamani, wivu unauma! Hata mlio wa viatu vya yule mama ulinikera.

Sasa siku ya wazazi, kila mtoto akasimama kueleza habari za kwao. Zamu ya Marlee, watu wakaanza kutafuta leso. Alipomaliza, Mama Nagisa akamkumbatia.

Kabla yangu!

Nikamvuta mtoto mkono. "Jumatatu unaanza shule ya kambini. Nimemaliza!"

"Mama, hapana!"

Mama Nagisa akatufuata mbio koridoni. Anauza katika duka la kambini, Kiingereza anakijua.

"Mama Marlee, umeelewa alichosema?"

"Nitaelewaje? Si wewe ndiye unayeelewana naye!"

Akashusha pumzi.

"Amesema baba akisafiri unajifungia ndani. Unalia bafuni umefungulia maji. Angesoma kambini, angepanda basi, wewe ungebaki humo humo. Kachagua huku ili kila siku utoke umsindikize."

Nikauachia mkono wa Marlee.

"Na kule kunong'ona kwenu?"

"Ananibembeleza niwe rafiki yako. Nami nataka, dada. Ila uso wako unatisha!"

Nililia na kucheka pale pale.

Marlee hakuhama. Asubuhi yeye na Nagisa wanatangulia, sisi mama zao tunafuata nyuma, tunawasengenya waume.

Wewe unayemwonea mtu gere kwa sababu ya mwanao, hebu waulize kwanza wanaongea nini. Huenda wanahangaikia furaha yako.