Nilivyokimbizwa na Wanaume Wawili Erdington kwa Ajili ya Mto wa Kukalia

Umewahi kukimbizwa na wanaume wawili mchana kweupe, mvua inamwagika, na mmoja wao uso umefungiwa ndani ya wavu wa chuma?

Mimi nimewahi. Birmingham, mwaka wa sabini na nne. Kaa hapo nikueleze.

Nilikuwa nasomea unesi, nakaa hosteli moja na Peninah, msichana wa Maragoli mwenye mdomo kama redio. Siku moja akaniambia:

"Edah, nimekupatia mtu."

"Mtu gani?"

"Cleopas. Anasomea uhasibu, mpole, haongei sana, na ana koti la ngozi. Jumamosi anacheza besiboli na Wakanada fulani hapo Erdington. Twende umwangalie kimyakimya. Usipompenda, tunatoroka."

Koti la ngozi! Miaka hiyo! Ningekataaje?

Jumamosi asubuhi Peninah akaninyoosha nywele kwa kitana cha chuma tulichokipasha kwenye jiko la gesi. Nikaungua sikio, nikaungua shingo, lakini nywele zikalala tulii mpaka mabegani. Nikajiambia, leo Cleopas atanikoma.

"Lakini Peninah, haya mawingu?"

"Mawingu ya Birmingham ni ya urembo tu. Twende!"

Tukaketi kwenye nyasi kando ya uwanja.

"Yule pale," Peninah akaninong'oneza. "Aliyechuchumaa nyuma ya mwenye rungu. Kazi yake ni kudaka."

Nikatazama. Kweli, Mwafrika alikuwa yeye peke yake. Lakini uso wote umefunikwa na wavu wa chuma, kama kuku anayepelekwa sokoni!

"Sasa nimekuja kuangalia nini, magoti?"

"Ngoja, atauvua."

Hakuuvua.

Mchezo wenyewe sikuuelewa hata chembe. Mtu anapiga mpira, anakimbia, anakanyaga mto mweupe uliowekwa chini, watu wanapiga makofi. Nikasikitika. Watazamaji wamewekewa mito mizuri ya kukalia, na hawa wanaikanyaga kwa viatu vya matope! Hawana adabu?

Ila yule wa wavu, weh! Aliruka, akajitupa chini, akainuka anacheka. Mpira ukimponyoka anajigombeza kwa Kiswahili: "Ala! Mkono huu unajua ugali tu!"

Nikajikuta natabasamu. Peninah alisema haongei sana. Huyu aliongea na kila mtu, hata na mpira.

Mara tone likaniangukia puani.

La pili likaingia kwenye nywele.

Nikaruka kama nimeumwa na siafu. Mwavuli hatuna. Mvua ikafunguka yote kwa pamoja, na wale Wakanada wanaendelea kucheza tu, kama bata! Nikaona mto mmoja karibu yangu, hauna mtu. Nikaung'oa, nikautia kichwani, nikachomoka mbio kuelekea kituo cha basi.

Nyuma yangu kelele.

Kugeuka, naona jitu la Kikanada lililokuwa limetoka kupiga mpira linanijia, mikono mbele. Nyuma yake Cleopas na wavu wake, ameinua mpira juu!

"Rudisha mto! Rudisha!"

"Uuuwi! Wananiua!"

Kumbe mto ule ulikuwa wa mchezo, si wa kukalia: lile jitu lilitaka kuugusa tu, na wa wavu alitaka kuligusa jitu kwa mpira kabla halijaugusa. Ndizo sheria zao. Ningejuaje mimi?

Chini ya paa la kituo alikuwepo bibi mmoja Mwingereza na kikapu chake cha mboga. Hakuuliza swali. Bibi alimwacha Mkanada apite, lakini kuona mtu aliyeficha uso anakuja mbio, akachomoa koliflawa akamtandika nayo.

Pwaa!

"Mwache binti wa watu!"

Wavu ukaruka mpaka barabarani.

Peninah akafika anahema. Akamtazama yule mwanamume. Akashika mdomo.

"Wewe si Cleopas!"

"Nani kasema mimi ni Cleopas?" akajibu, huku anajitoa koliflawa jichoni. "Mimi Bethuel. Tunakaa naye chumba kimoja. Asubuhi aliona mawingu, akarudi kitandani. Ila aliniachia ujumbe: Peninah ataleta msichana amtazame, nimwombe arudi siku ya jua."

Kumbe ile redio ilikuwa imeshatangaza!

Nilisimama pale natiririka maji. Nywele zangu zilikuwa zimesharudi kwetu Bungoma bila mimi.

Bethuel akaniangalia, midomo inamcheza kwa kicheko. "Dada, pole sana. Sasa nikifika nimwambie Cleopas umesemaje?"

"Mwambie hukuniona."

Alicheka hadi akaegemea nguzo. Bibi wa mboga naye akaanza kucheka, na hakuwa ameelewa neno hata moja. Basi lilipokuja, Bethuel akapanda nasi na matope yake yote. Nauli alisahau, kwa hiyo nikamlipia.

Mwaka uliofuata tukafunga ndoa.

Cleopas alikuja harusini. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Peninah kwa huzuni: "Ningejua, ningeamka."

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na nyinyi vijana wa huku mnaongoja hali ya hewa iwe nzuri ndipo mtoke kutafuta mke, nisikilizeni.

Hapa ni Uingereza. Mtaoa lini?