Vifungio vya Kijivu

Kinue aliishi miaka mingi na mume aliyeuza magari yaliyotumika, na ndoa hiyo ilimfundisha kutomwamini muuzaji anayetabasamu. Walipoachana alibaki na duka lake la kufulia nguo, pale Furano, mji wa theluji huko Japani, chini ya mlima. Kila majira ya baridi alifua nguo za watu wanaoteleza kwenye theluji, naye hakuwahi kukanyaga ubao wa kutelezea. Alipotimiza hamsini akasema basi, zamu yangu.

Ubao alipewa na dada yake, buti akanunua. Vikabaki vifungio vya kushikilia buti kwenye ubao, akaenda dukani kwa Tadokoro, mzee aliyeuza vifaa vya kutelezea.

Tadokoro akatabasamu. Kinue akajikaza, akaonyesha vifungio vyeusi vya rafu ya juu, vya ghali kuliko vyote. Mzee akamletea vya kijivu, vya bei ya chini.

"Vile vigumu sana, mama. Ukikosea kidogo tu, ubao unakubwaga. Hivi ni laini, vinavumilia makosa ya anayeanza."

Kinue akaingiwa na wasiwasi. Muuzaji gani anakataa kuuza cha ghali? Yule mumewe wa zamani akimsifia mtu gari la bei rahisi, ujue lina ugonjwa. Labda hivi vilidoda stoo. Labda mteja alivirudisha. Akavikunja, akavuta mikanda mmoja mmoja, hata akavinusa.

Hakuridhika mpaka alipojaribu vyote viwili na buti zake. Ndani ya vile vyeusi mguu ulibanwa, hata kukunja goti ilikuwa shida. Ndani ya vya kijivu kisigino kiliketi vizuri, naye akachuchumaa bila taabu. Tadokoro alikuwa kimya muda wote, na ukimya wenyewe ukamtia shaka zaidi.

"Mbona husemi kitu?"

"Nikisema utaniamini?"

Akanunua vya kijivu, ila alimsimamia mzee wa watu akivifunga kwenye ubao aliokuja nao, mpaka skrubu ya mwisho ilipokazwa.

Jumapili alikwenda kwenye kilima cha wanaoanza. Alianguka mpaka makalio yakafa ganzi, lakini mara mbili tatu aliteleza mwenyewe hadi chini, moyo ukimdunda kwa raha. Kila akifika chini alikaa kwenye theluji, akatoa bisibisi mfukoni na kujaribu skrubu zote.

Tadokoro, aliyekuwa akipita na ubao wake, akasimama.

"Zimelegea?"

"Bado," Kinue akajibu, bila kuinua macho.