Pointi ya Mbali ya Alfayo Machogu

Alfayo Machogu alirudi kwao Nyamache, Kisii, mwaka 1977, baada ya miaka ishirini na miwili katika kazi ya reli. Kazini alikuwa akikaa kwenye kibanda cha ishara, akigeuza pointi, yaani pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, ili kila treni ishike njia yake. Mkewe Orpah hakuwa amewahi kuona treni. Reli haifiki Kisii, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyebaki na shamba la chai na watoto.

"Si dereva anakata usukani?" aliuliza.

"Treni haina usukani, Mama Gesare."

"Basi inakataje kona?"

Alimweleza mara tatu, akamchorea hata mchangani. Orpah akaitikia kwa ile sauti yake ya kumaliza mazungumzo. Jambo hilo lilimkera Machogu kuliko alivyotaka kukubali.

Alikuwa na treni ndogo ya umeme, ya kuchezea, aliyoachiwa na mkubwa wake wa kazi aliyehama nchi. Akapigilia reli zake kwenye ubao mrefu sebuleni, zikiwa na njia ya pembeni na pointi mbili, moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Kila pointi ilikuwa na mota yake ndogo. Umeme ulitoka kwenye betri ya lori.

Pointi ya kwanza, iliyokuwa karibu na betri, iligeuka mara tu alipobonyeza swichi. Ile ya mbali ilitetemeka tu. Treni iliingia njia ya pembeni vizuri, ikafika mwisho wake, ikaanguka.

Akasafisha mota kwa petroli. Ikatetemeka. Akasugua nyaya kwa msasa, akabadilisha swichi, akaenda Kisii mjini kwa fundi Osman kuchaji betri upya. Ikatetemeka. Ijumaa jioni ilimlazimu kuacha kila kitu kwa ajili ya Sabato, na kanisani hakusikia mahubiri hata kidogo.

"Waumini wanasema unacheza," Orpah alimwambia walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Sichezi."

Jumapili asubuhi hasira zilimzidi. Akaikandamiza swichi bila kuiachia, kana kwamba mota ingeona haya. Moshi ukatoka. Mota ilikuwa na koili mbili, moja ya kuvuta huku na nyingine ya kuvuta kule, na sasa moja imeungua. Akaketi chini, mikono magotini. Nyamache nzima, hata Kisii, hakukuwa na pa kupata nyingine.

Akaing'oa ili aitupe. Kabla ya kuitupa, akaigusisha kwenye betri moja kwa moja. Koili iliyobaki ikavuta kwa nguvu, mota ikamruka kiganjani.

Kumbe mota ilikuwa nzima siku zote. Shida ilikuwa waya. Alitumia waya mwembamba wa kengele, na kwa urefu ule umeme ulifika umechoka. Alijitukana kwa Ekegusii. Mtu wa reli miaka ishirini na miwili, na ameunguza kitu kizima kwa mkono wake mwenyewe.

Akairudisha mota mahali pake, akafunga waya mnene, akamwita Orpah. Treni ikaingia njia ya pembeni. Akabonyeza swichi, pointi ya mbali ikageuka, treni ikatoka bila kuanguka.

Orpah aliinama karibu na ubao. "Na ukisahau kubonyeza?"

"Inaanguka. Au inagongana na nyingine."

"Na watu ndani?"

"Na watu ndani."

Akaigusa treni kwa kidole. "Uliwahi kusahau?"

"Mara moja. Mabehewa yalikuwa matupu."

Orpah akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Hukujua pointi ni nini."

Aliomba kuona tena. Lakini pointi ya mbali haikuweza kurudi, koili ya kuirudisha ndiyo iliyoungua. Machogu akaisukuma kwa kidole, akieleza kwamba sivyo inavyotakiwa, kwamba ya kweli hairudishwi hivi.

"Nimeelewa, Baba Gesare," Orpah alisema, akachukua kikapu chake cha chai.

Hata alipofika shambani, mumewe alikuwa bado sebuleni, ameinamia ubao na bisibisi mkononi, akijaribu kuifungua koili ile.