Aliyekataa Kukunja Taulo

Jumanne, tarehe 14 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa sweta.

Wifi yangu ni mpiga pasi kwenye jengo kubwa la dobi nyuma ya hospitali. Mwezi wa pili bomba la mvuke lilipasuka, likamuua mwenzake aliyesimama ubavuni mwake. Yeye alitoka na kovu dogo shingoni, watu wakasema ana bahati. Lakini tangu hapo birika likichemka nyumbani, anajikuta amejibanza chini ya meza. Usingizi anaupata kwa kubahatisha. Kaka yangu, mumewe, alisema yatapita. Jirani akasema ni jini.

"Kama ni jini," wifi alimjibu, "mbona halinisaidii kuosha vyombo?"

Aliyemwelewa ni mshauri nasaha wa hospitali, binti mdogo kwetu sote. Alimwambia hajarukwa na akili. Mwili wake bado unajilinda kama siku ile, unapiga king'ora hata pasipo hatari. Ni jeraha, na linatibika, kwa vikao na kwa kuliendea polepole lile linalotisha badala ya kulikimbia.

Leo nilimpelekea mwavuli kazini, nikakuta moto unawaka kwa maneno. Pale anayefungua mvuke lazima apaaze sauti, "Mvuke!", kila mtu ajiandae. Tangu wifi arudi, wenzake waliacha kuita, kwa huruma, wasimshtue. Basi mlio wa mvuke ukawa unamvamia bila taarifa. Jana aliangusha pasi, naye akaanguka. Msimamizi akaamua kumhamishia kwenye meza ya kukunja taulo, moja kwa moja.

"Ni kwa faida yako, mama. Kule kumetulia."

"Kaburini pia kumetulia."

Mwanamke wa mashuka, shoga yake, akaingilia. "Sisi tulinyamaza kwa kukuonea huruma, jamani."

"Najua, shoga. Lakini mkinyamaza ndiyo mnaniua. Iteni! Siku zote mna midomo kama tarumbeta, leo adabu mmeitoa wapi?"

Wakacheka, hata msimamizi. Kisha akakaza uso. "Na ukianguka tena?"

"Nitainuka. Alhamisi nina kikao kwa mshauri, nitakwenda, wala sitaenda kwa kujificha. Ijumaa nitarudi hapa hapa. Mimi ni mpiga pasi, bosi. Taulo mpe aliyeziomba."

"Haya. Kesho nikuone mwenyewe. Ukishindwa, hakuna mjadala."

Jumatano, tarehe 15 Mei.

Kilichofuata amenisimulia yule shoga yake. Asubuhi ya leo wifi alisimama kwenye pasi yake. Aliyefungua mvuke aliita mpaka wapita njia wakageuka. Wifi akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa. Shati la kwanza aliliunguza kola. Msimamizi akamkodolea macho.

"Usinitazame mimi," wifi akamwambia. "Lete shati jingine."